Chombo Kisichogeuka: Aniara na Ubishi Juu ya Filamu Zisizo na Faraja

Ubishi unaozuka baada ya watu kutazama Aniara huchanganya mambo mawili ambayo yangefaa kutenganishwa. Wapo wanaolalamika kwamba hawakuelewa mwisho wake: ile sayari ya kijani ni ipi, na kwa nini chombo hakikugeuzwa mapema? Wapo wengine walioelewa vizuri sana, na kuelewa huko ndiko kulikowaudhi. Wanauliza faida ya kukaa dakika 106 ukitazama watu wakipoteza kila kitu, halafu mwishoni usikute hata mmoja aliyesalimika.

Filamu yenyewe ni ya Sweden. Waliiongoza Pella Kågerman na Hugo Lilja, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2018, na nyumbani ikatwaa tuzo nne za Guldbagge, zikiwamo za uongozaji na za waigizaji wa kike. Tuzo hazikumaliza mabishano, kwa sababu swali lililo chini yake ni kubwa kuliko filamu moja. Msanii akituonyesha maangamizi bila kutuachia mlango wa kutokea, tumpime kwa kipimo gani?

Kisa na chimbuko lake

Dunia imeungua. Joto na dhoruba zimewafanya watu wahame kwa maelfu kwenda Mirihi, na baadhi ya abiria tunaowaona wana makovu ya moto usoni. Chombo Aniara kinawapakia kwa safari ya wiki tatu. Ndani yake mna maduka, migahawa, kumbi za dansi na michezo ya watoto, kila kitu ambacho watu hao walikizoea katika dunia waliyoimaliza. Kikikwepa takataka za angani, chombo kinagongwa, na mafuta yake ya nyuklia inabidi yatupwe nje yote ili kuepusha mlipuko. Kuanzia hapo hakiongozeki tena. Kapteni Chefone anawatangazia abiria wasiwe na hofu: watapita karibu na sayari au nyota, mvutano wake utawageuza, na jambo hilo halitazidi miaka miwili. Mwanafalaki mzee aliyemo chomboni anajua kwamba kwenye njia hiyo hakuna sayari wala nyota.

Mhusika mkuu anajulikana kwa kazi yake tu, Mimaroben. Anaendesha ukumbi wa Mima, mtambo wa akili mnemba unaochota kumbukumbu za mtu na kumrudisha kwenye misitu na maziwa ya Dunia ya zamani. Safari ilipokuwa shwari, Mima haikuwa na wateja. Matumaini yalipopungua, foleni ikarefuka.

Chimbuko la yote haya ni utenzi wa Harry Martinson wenye nyimbo 103, uliochapishwa mwaka 1956. Martinson alikuwa yatima wa kulelewa na parokia, akawa baharia, na hatimaye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na Eyvind Johnson. Utenzi aliutunga wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti zikishindana kwa mabomu ya haidrojeni. Mwaka 1959 Karl-Birger Blomdahl aliugeuza opera. Waswidi wameupenda kiasi kwamba mwaka 2019, nchi zilipoalikwa kuzipa nyota majina, nyota HD 102956 iliitwa Aniara na sayari yake Isagel, jina la rubani katika kisa hiki.

Kati ya utenzi na filamu kuna badiliko moja ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Kwa Martinson, Mima inakufa baada ya kushuhudia mji wa Dorisburg ukiteketezwa. Lawama ni za wenye mabomu. Katika filamu, Mima inaelemewa na uchungu inaoupokea kutoka vichwani mwa wateja wake wenyewe. Mimaroben anaonya kwamba mtambo unahitaji kupumzishwa, kapteni hasikii, foleni inaendelea, mtambo unajiangamiza. Baada ya hapo anayetupwa gerezani ni Mimaroben. Hatia imehamishwa kutoka kwa majenerali ikawekwa kwa watumiaji na kwa kiongozi asiyetaka kuwakera watumiaji. Mengi katika ubishi huu yanategemea kama umeliona badiliko hilo au limekupita.

Tuanze na sayansi, maana ndiyo rahisi

Kwamba chombo kisicho na mafuta hakiwezi kugeuka si uzembe wa waandishi. Angani hakuna hewa wala maji ya kukisukuma kando. Kitu kilichopewa kasi na mwelekeo huendelea navyo. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, bado inakwenda kilomita zipatazo 17 kwa sekunde bila injini kuisukuma, na sehemu kubwa ya kasi hiyo iliipata kwa kupita karibu na sayari za Mshtarii na Zohali. Kwa hiyo ahadi ya Chefone ina ukweli ndani yake: mvutano wa sayari kweli hupindisha njia ya chombo. Uongo wake uko kwenye kalenda, na ndiyo sababu ulimezwa kwa urahisi. Abiria mwenye elimu ya kawaida angeweza kuthibitisha nusu ya kwanza ya maneno yake.

Mwisho wa filamu nao una hesabu. Maandishi yanatuambia ni mwaka 5,981,407, katika kundinyota la Lyra. Mirihi ikiwa karibu kabisa huwa umbali wa kilomita milioni 55 hivi kutoka duniani, na ikiwa mbali hufikia milioni 400. Tukikadiria kwamba chombo kinakwenda kilomita 50 kwa sekunde, katika wiki tatu kitasafiri kilomita milioni 90, umbali unaokubalika kwa safari hiyo. Kwa kasi hiyohiyo mwaka mmoja wa nuru huchukua takriban miaka 6,000. Basi miaka 5,981,407 inakifikisha umbali wa karibu miaka 1,000 ya nuru. Ndani ya Lyra, takriban umbali huo, ipo nyota Kepler-62, ambayo mwaka 2013 ilitangazwa kuwa na sayari mbili kwenye ukanda ambamo maji yangeweza kuwa kimiminika. Filamu haiitaji sayari yake kwa jina, kwa hiyo ulinganifu huu tuuchukue kama ulivyo. Inatosha kuonyesha kwamba tarakimu ile haikuokotwa. Martinson alitaja miaka 15,000, na kwa kasi tuliyokadiria muda huo usingekifikisha chombo hata kwenye nyota jirani kuliko zote.

Jibu la swali la kwanza, basi: sayari ile si Dunia wala Mirihi, na waliofika ni vumbi na mabaki. Swali la pili ndilo gumu.

Wanaosema filamu inamtesa mtazamaji

Hoja ya upande huu isidharauliwe. Mtazamaji hutoa muda wake na moyo wake, na ana haki ya kuuliza atarudishiwa nini. Kwa aliyelelewa na vibanda umiza vya Tanzania, ambako sauti ya msimulizi wa filamu Lufufu ilimfafanulia kila ngumi, au aliyezoea DJ Afro kule Kenya, kuna kanuni isiyoandikwa: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kuchomewa nyumba na kuuliwa ndugu, lakini hafi, kwa sababu akifa hadithi imekosa wa kuilipia deni. Wanaoicheka kanuni hii kama utoto wakumbuke kwanza jinsi Hollywood ilivyojengwa juu yake. Interstellar ya Christopher Nolan, ya mwaka 2014, inaanza na Dunia inayokufa kwa vumbi na magonjwa ya mazao, lakini inamaliza kwa baba kukutana na binti yake na kwa binadamu kupata makao mapya angani.

Aniara inavunja kanuni hiyo mara kadhaa. Isagel, mpenzi wa Mimaroben, anakufa pamoja na mtoto wao wakati uleule Mimaroben amefanikiwa kutengeneza picha za kufunika giza la madirishani. Wanaoilaumu filamu wanasema hapo imekuwa ukatili wa makusudi: mwandishi amengoja furaha ndogo ichomoze ili aivunje. Wanaongeza kwamba mtu aliyelemewa na maisha yake mwenyewe anaweza kudhurika kwa kuambiwa kuwa hakuna njia. Hili la pili nalichukua kwa uzito kuliko la kwanza. Filamu hii si ya kumwekea mtu aliye katika siku zake mbaya.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba kipimo chake kikishikiliwa hadi mwisho kinaangusha kazi nyingi tunazoziheshimu. Wasomaji wa Kiswahili wamewahi kuupitia mjadala kama huo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichwamaji mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, wahakiki walimshutumu kwa kukata tamaa, hasa kwa kuwa taifa lilikuwa likihimizwa kujenga Ujamaa na Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, alikuwa akijiangamiza. Leo hakuna anayefundisha riwaya ya Kiswahili akamruka Kezilahabi. Na karne mbili hivi kabla yake Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa taa na watu, sasa yamekuwa makazi ya popo. Utungo ule hauahidi kwamba majumba yatajengwa upya.

Wanaosema ni onyo

Upande wa pili unajitetea kwa manufaa. Filamu ya kutisha, wanasema, humwamsha mtu kabla ya ajali. Wana ushahidi kidogo. Tarehe 20 Novemba 1983 televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha The Day After, kuhusu shambulio la nyuklia dhidi ya watu wa kawaida wa Kansas na Missouri, na watu wapatao milioni 100 waliitazama. Rais Ronald Reagan aliiona kabla ya siku hiyo na akaandika kwenye shajara yake kwamba ilimhuzunisha sana. Miaka minne baadaye alitia saini na Mikhail Gorbachev mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati. Kuhusu tabianchi, uchunguzi wa Anthony Leiserowitz uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba Wamarekani waliotazama The Day After Tomorrow walikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu hali ya hewa kuliko wasioitazama.

Hata hivyo tusiupakie ushahidi huo mzigo usiouweza. Reagan alikuwa na sababu nyingi za kuzungumza na Moscow, na filamu ilikuwa moja tu kati yake. Waliokwenda kutazama filamu ya tabianchi huenda walikuwa na wasiwasi tangu nyumbani. Tena onyo lina sharti moja: lazima kuwe na jambo ambalo mwonywaji bado anaweza kulifanya. The Day After ilimwonyesha Mmarekani makombora yaliyokuwa bado ghalani. Aniara inaanza baada ya Dunia kuungua na mafuta yanatupwa mapema kabisa. Kwa abiria hakuna la kufanya. Wanaoiita onyo wanalazimika kuhamisha onyo lenyewe kutoka chomboni hadi kwetu tulio nje ya skrini, na hapo tayari wamevuka kuingia upande wa tatu.

Wanaosema ni picha ya sasa

Kundi hili linasema Aniara haitabiri lolote. Chombo kile ni Dunia yenyewe, na sisi ndio abiria. Ndiyo maana kinafanana na meli ya starehe au jengo la maduka la kawaida, chenye vinyozi, nguo na chakula cha haraka. Hakuna vyuma vinavyong'aa wala mavazi ya ajabu. Abiria wakishaambiwa kuhusu miaka miwili wanarudi madukani. Chakula kikipungua wanalishwa mwani uliooteshwa humohumo. Baada ya Mima kufa, wengine wanaanzisha madhehebu, wengine wanajitenga, na kapteni anapata kitu kipya cha kuwapa: chombo kidogo chenye umbo la mkuki kinaonekana kikija, naye anawaahidi kwamba kina mafuta. Kinanaswa. Wataalamu wanashindwa hata kujua kimetengenezwa kwa nini.

Huu ndio usomaji wenye nguvu zaidi, kwa sababu unaeleza vitu ambavyo tafsiri nyingine zinaviacha vikining'inia. Unaeleza kwa nini adui hayupo. Unaeleza kwa nini kosa la Chefone linaonekana la kibinadamu: aliongopa ili kuzuia vurugu, na vurugu kweli hazikutokea kwa muda. Kila mwaka aliounyamazisha ulikuwa na utulivu ndani yake na gharama nyuma yake, kwa sababu watu wasiojua hali yao hawakuweza kupanga namna ya kuishi nayo. Ubadilishanaji huo, utulivu wa leo kwa maandalizi ya kesho, ni siasa ya kawaida kabisa; mwenye kiti chochote cha uongozi anaujua.

Kasoro yake ni kwamba fumbo likishika kila kitu, watu wanageuka alama. Katika nusu ya pili, nje ya Mimaroben na Isagel, ni vigumu kumkumbuka abiria hata mmoja kwa jina lake na shida yake. Pia Dunia halisi haiko katika hali ya chombo kile. Mafuta yetu hayajatupwa. Tatizo letu ni kinyume chake, tunayo na tunayachoma. Anayesema tumekwisha kupita mahali pa kugeukia anawapa wenye viwanda kisingizio kizuri kuliko kile ambacho wangejitungia wenyewe.

Mbili za kulinganisha

The Midnight Sky, ambayo George Clooney aliiongoza na kuigiza, ilitolewa na Netflix Desemba 2020. Ni mwaka 2049, Dunia imeharibiwa na tukio lisiloelezwa, na mwanasayansi mgonjwa aliyebaki Aktiki anajaribu kukionya chombo kinachorudi kutoka mwezi mmoja wa Mshtarii kisitue. Picha ni nzuri, theluji ni halisi, na Oscar iliitambua kwa uteuzi wa athari za picha. Lakini maangamizi ya watu mabilioni yametumiwa kama pazia la nyuma la majuto ya baba mmoja. Hatujui nani alifanya nini. Msichana tuliyemhofia njia nzima tunaambiwa mwishoni kuwa alikuwa fikra za mzee, na sauti ya mwanamke chomboni ni ya binti yake. Mtazamaji anapewa machozi yenye faraja, na hajaombwa kufikiri lolote kuhusu Dunia iliyoharibiwa.

Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, haina chombo cha angani, lakini jamii yake imefungiwa vilevile. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wa Maitu wanaishi ndani ya kuta, jasho na mkojo vinasafishwa vinyweke tena, na hata ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha anapata udongo wenye unyevu usiotarajiwa, baraza linakataa kumsikia, anatoroka kwenda jangwani kuotesha mche, na anaumwagilia maji yake ya mwisho. Steringi anakufa hapa pia. Tofauti ni kwamba tumeona sababu ya ukame, tumeona wanaonufaika na ukimya, na tumeona mtu akiamua. Yote hayo katika dakika zipatazo ishirini. Mwaka huohuo Kahiu alitoa filamu ya maisha halisi kuhusu Wangari Maathai, mwanamazingira wa upandaji miti, na anayeijua hiyo hatashangaa mche ule ulitoka wapi.

Mizani

Naona tumaini ni kipimo kibovu cha filamu hizi. The Midnight Sky ina tumaini na ni nyepesi. Pumzi inaua steringi wake na ni nzito. Kipimo kinachofaa zaidi ni kama huzuni ina chanzo kinachoonekana, yaani kama tunaweza kumwonyesha kidole mtu, uamuzi au tabia iliyoizaa. Kuna pingamizi la haki hapa. The Road, riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2006 na filamu yake ya mwaka 2009, haisemi kamwe nini kiliiunguza dunia, na bado inashika. Inashika kwa sababu kila siku baba yule ana uamuzi wa kufanya mbele ya mwanawe, na tunaona bei yake. Basi kipimo kiwe na pande mbili: chanzo cha maangamizi, au matendo ya waliobaki. Filamu isiyo na hata kimoja ni pambo jeusi.

Kwa kipimo hicho Aniara inagawanyika. Tangu ajali hadi Mimaroben kufungwa, kila hatua ina mtendaji. Uongo wa miaka miwili unazaa foleni, foleni inaua Mima, kifo cha Mima kinahitaji wa kulaumiwa. Sehemu ya mkuki nayo ni imara, kwa kuwa inaonyesha kapteni akirudia biashara ileile na wateja walewale wakinunua. Lakini miaka inapoanza kurukwa, hadi wa kumi na kisha wa ishirini na nne, uchungu unakuja kwa kalenda. Ibada za madhehebu zinachukua dakika nyingi na hazibadilishi lolote katika uhusiano wa kapteni na abiria. Kifo cha Isagel kimeandaliwa vizuri, kwa kuwa tangu mtoto azaliwe tunamwona mama asiyeona ampeleke wapi, lakini filamu haikai nacho. Inakimbilia sherehe ya mwaka wa kumi kana kwamba inaogopa kuulizwa.

Wanaoilaumu wana haki kuhusu nusu saa ya mwisho, na wanaoisifu wana haki kuhusu saa ya kwanza. Ningekata madhehebu yote. Dakika hizo ningempa mwanafalaki, aliyejua kilichopo mbele tangu siku za mwanzo, ili tuone kwa miaka hiyo yote alimwambia nani, na walimjibu nini.